Usimamizi wa madirisha (kompyuta)

Usimamizi wa madirisha ni kazi ya kufungua, kupanga, kukuza, kuficha na kufunga madirisha kwenye skrini ya kompyuta, pamoja na kuhama kutoka programu moja hadi nyingine bila kuifunga ile ya kwanza. Dirisha ni eneo la skrini, kwa kawaida lenye umbo la mstatili, ambamo programu huonyesha yaliyomo na kupokea maagizo ya mtumiaji. Sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayoshughulikia kazi hiyo huitwa msimamizi wa madirisha.

Kwa njia hii mtu mmoja anaweza kutumia programu kadhaa kwa wakati mmoja kwenye skrini moja. Kwa mfano, mwanafunzi anayeandika ripoti anaweza kuwa na programu ya kuandikia, kivinjari cha intaneti, jedwali la hesabu na barua pepe, vyote vikiwa wazi pamoja. Kinachomtofautisha mtumiaji mzoefu na asiye mzoefu mara nyingi si idadi ya programu anazozijua, bali jinsi anavyohama kati yake bila kupoteza kazi yake wala kusahau alipoishia.

== Jina ==

Neno dirisha limo katika Kiswahili tangu zamani kwa maana ya uwazi ukutani unaoingiza hewa na mwanga. Kamusi hulitaja kuwa la asili ya Kiajemi. Katika elimu ya kompyuta maana yake imepanuka: kama vile mtu anavyoona nje kupitia dirisha la nyumba, vivyo hivyo huona sehemu ya waraka kupitia dirisha la skrini. Waraka wenyewe unaweza kuwa mrefu kuliko dirisha, na ndiyo sababu kuna njia ya kuusogeza juu na chini.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisini yenye menyu za Kiswahili. Kazi kama hiyo ililazimu kutafuta maneno ya Kiswahili kwa mambo ya skrini. Baadhi ya vitu bado vina majina zaidi ya moja: chombo cha mkononi huitwa kipanya au puku, kibodi huitwa pia baobonye, na kompyuta yenyewe huitwa tarakilishi au ngamizi.

== Sehemu za dirisha ==

Madirisha ya mifumo mingi hufanana katika sehemu zifuatazo:

* Upau wa kichwa: ukanda wa juu wenye jina la waraka au la programu. Kwa kuubofya na kuuburuta, mtumiaji husogeza dirisha zima.
* Vitufe vya dirisha: kwa kawaida ni vitatu, yaani cha kuficha, cha kutanua na cha kufunga. Katika Windows viko upande wa kulia. Katika macOS viko upande wa kushoto, kwa rangi nyekundu, njano na kijani.
* Fremu: kingo za dirisha, ambazo huburutwa ili kubadilisha ukubwa wake.
* Upau wa menyu: orodha ya maagizo ya programu. Katika macOS upau huu hauko ndani ya dirisha bali juu kabisa ya skrini, na hubadilika kulingana na programu inayotumika.
* Upau wa kusogeza: ukanda wa pembeni au wa chini unaoonyesha ni sehemu gani ya waraka inayoonekana.

Pamoja na madirisha ya kawaida kuna visanduku vya mazungumzo. Hivi ni madirisha madogo ambayo programu hufungua ili kuuliza swali, kama vile iwapo mtumiaji anataka kuhifadhi mabadiliko. Baadhi yake huzuia kazi nyingine zote za programu ile mpaka zijibiwe. Kisanduku cha aina hiyo kikifichwa nyuma ya dirisha jingine, mtumiaji anaweza kudhani kwamba programu imekwama, kumbe inasubiri jibu lake.

== Dirisha, programu na faili ==

Vitu hivi vitatu huchanganywa mara kwa mara, na mchanganyiko huo ni chanzo kikubwa cha kupotea kwa kazi.

Faili ni data iliyohifadhiwa kwenye diski au kwenye chombo kingine cha kuhifadhia. Programu inayoendeshwa hunakili data hiyo kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta na kuifanyia kazi humo. Dirisha ni sura tu ya kazi hiyo kwenye skrini. Kwa hiyo mtu anayeandika anaona maneno yake dirishani, lakini maneno hayo hayamo katika faili mpaka ayahifadhi, au mpaka programu iyahifadhi yenyewe. Umeme ukikatika kabla ya hapo, yaliyokuwa dirishani hupotea, hata kama yalionekana wazi kwenye skrini.

Kuficha dirisha na kulifunga ni mambo mawili tofauti. Dirisha lililofichwa halionekani, lakini programu yake inaendelea na kazi: muziki unaendelea kulia, faili inaendelea kupakuliwa, na maandishi yamebaki kama yalivyoachwa. Dirisha lililofungwa limeondolewa. Katika Windows, kufunga dirisha la mwisho la programu kwa kawaida huimaliza programu hiyo. Katika macOS programu nyingi huendelea kuwa hai hata kama hazina dirisha hata moja, na mtumiaji anapaswa kutoa agizo la kuziacha. Anayehama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine huweza kujikuta na programu nyingi zilizo hai bila habari.

== Historia ==

=== Mwanzo ===

Kompyuta za kwanza hazikuwa na madirisha. Hata zilipopata skrini, mtumiaji aliandika agizo kwenye mstari, akasubiri jibu, kisha akaandika jingine. Tarehe 9 Desemba 1968 Douglas Engelbart wa Stanford Research Institute alionyesha mbele ya wataalamu mjini San Francisco, Marekani, mfumo wenye kipanya, maandishi yaliyounganishwa kwa viungo, na skrini iliyogawanywa katika sehemu. Onyesho hilo liliwavutia watafiti wengi waliokuja baadaye.

Mwaka 1970 kampuni ya Xerox ilianzisha kituo cha utafiti cha PARC mjini Palo Alto, California. Mwaka 1973 kituo hicho kiliunda kompyuta ya Alto, yenye kipanya na skrini ambayo kila nukta yake iliweza kuwashwa au kuzimwa peke yake. Skrini yake ilikuwa na nukta 606 kwa upana na 808 kwa urefu, ikisimama wima kama ukurasa wa karatasi. Kundi la Alan Kay lililobuni lugha ya Smalltalk lilitumia mashine hiyo kujenga madirisha yanayofunikana kama karatasi zilizotandazwa juu ya meza. Wazo lilikuwa rahisi: skrini ni ndogo, lakini karatasi zikiruhusiwa kulaliana, nyingi zaidi zinaweza kuwapo.

Xerox ilianza kuuza kompyuta ya Star mwaka 1981. Katika Star madirisha ya kazi hayakufunikana bali yalipangwa pembeni kwa pembeni. Hivyo tangu mwanzo kulikuwa na njia mbili zinazoshindana, na zote mbili zipo hadi leo.

=== Apple na Microsoft ===

Mwishoni mwa mwaka 1979 watu wa Apple, akiwemo Steve Jobs, walitembelea PARC. Apple ilitoa kompyuta ya Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwezi Januari 1984. Bill Atkinson wa Apple aliandika QuickDraw, mkusanyiko wa maagizo ya uchoraji ulioweza kuchora ile sehemu tu ya dirisha inayoonekana, hata ikiwa na umbo la ajabu kutokana na madirisha mengine yanayoifunika.

Macintosh ya kwanza ilikuwa na skrini ya nukta 512 kwa 342 na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu. Kumbukumbu hiyo haikutosha kwa programu kubwa mbili. Mtumiaji alilazimika kuifunga moja ndipo afungue nyingine, isipokuwa vifaa vidogo kama kikokotoo. Mwaka 1985 Andy Hertzfeld alitoa Switcher, programu iliyoweka programu kadhaa katika kumbukumbu na kumwezesha mtumiaji kuruka kutoka moja hadi nyingine. Mwaka 1987 Apple ilitoa MultiFinder, ambayo ilionyesha madirisha ya programu mbalimbali pamoja.

Microsoft ilitoa Windows 1.0 mwezi Novemba 1985. Madirisha yake ya programu yalipangwa kama vigae bila kufunikana. Windows 2.0 ya mwaka 1987 iliruhusu kufunikana. Mwaka 1988 Apple iliishtaki Microsoft kwa madai ya kunakili sura ya skrini zake. Apple ilishindwa: mahakama iliona kwamba mambo mengi yaliyobishaniwa yalikuwa yameruhusiwa na mkataba wa mwaka 1985 kati ya kampuni hizo, na mahakama ya rufaa ikathibitisha uamuzi huo mwaka 1994. Kwa hiyo njia za kutumia madirisha hazikubaki mali ya kampuni moja.

Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, ilileta upau wa kazi, yaani ukanda wa chini wenye kitufe cha kila dirisha lililo wazi. Kabla yake dirisha lililofichwa liligeuka ikoni ndogo chini ya skrini, na ikoni hiyo mara nyingi ilifunikwa na madirisha mengine. Upau wa kazi uliweka orodha ya kazi zote mahali panapoonekana daima.

Mac OS X ya mwaka 2001 ilikuwa na Dock, safu ya ikoni za programu. Mwaka 2003 iliongezewa Exposé, ambayo hupunguza madirisha yote kwa muda na kuyatandaza ili mtumiaji achague. Windows 7 ya mwaka 2009 ilileta njia ya kuburuta dirisha hadi ukingo wa skrini ili lijaze nusu ya skrini, na Windows 11 ya mwaka 2021 iliongeza mipangilio iliyo tayari ya kugawa skrini katika sehemu kadhaa.

=== Unix na Linux ===

Mwaka 1984 chuo cha MIT nchini Marekani kilianza kutengeneza X Window System kwa ajili ya kompyuta za Unix. Toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987. Katika mfumo huo msimamizi wa madirisha ni programu ya pekee inayoweza kubadilishwa. Ndiyo maana watumiaji wa Linux wana uchaguzi mpana: wengine hutumia mazingira kamili kama KDE au GNOME, wengine wasimamizi wadogo kama dwm na i3 ambao hupanga madirisha kwa vigae na kuongozwa zaidi kwa kibodi. Tangu mwaka 2008 unatengenezwa pia mfumo mpya wa Wayland, ambao umechukua nafasi ya X katika matoleo mengi ya Linux.

== Jinsi inavyofanya kazi ==

=== Tabaka ===

Msimamizi wa madirisha hutunza orodha ya madirisha yote kuanzia la juu kabisa hadi la chini kabisa. Dirisha linapobofywa hupandishwa juu ya mengine. Madirisha machache yanaweza kupewa amri ya kubaki juu daima, kwa mfano dirisha dogo la video.

=== Dirisha amilifu ===

Kompyuta ina kibodi moja lakini madirisha mengi. Kwa hiyo ni dirisha moja tu kwa wakati linalopokea herufi zinazobonyezwa. Hilo huitwa dirisha amilifu. Mara nyingi upau wake wa kichwa huwa na rangi iliyokolea kuliko ya mengine. Katika Windows na macOS dirisha huwa amilifu linapobofywa. Katika baadhi ya mifumo ya Unix mtumiaji anaweza kuchagua kwamba dirisha liwe amilifu mara tu mshale wa kipanya unapolifikia, bila kubofya.

=== Uchoraji ===

Zamani madirisha yote yalichorwa moja kwa moja kwenye skrini. Dirisha la juu liliposogezwa, msimamizi aliiambia programu ya chini ichore upya sehemu iliyofunuliwa. Programu iliyokuwa na shughuli haikujibu, na mahali pale palibaki peupe au na michirizi ya dirisha lililopita.

Siku hizi kila dirisha huchorwa katika eneo lake la kumbukumbu, kisha msimamizi huziunganisha picha zote kuwa picha moja ya skrini. Mac OS X ilitumia njia hii tangu mwaka 2001, na Windows tangu Vista. Faida yake ni kwamba madirisha husogea bila michirizi na yanaweza kuonyeshwa kwa udogo. Gharama yake ni kumbukumbu: dirisha linalojaza skrini ya nukta 1920 kwa 1080, kwa baiti 4 kwa kila nukta, huhitaji zaidi ya megabaiti 8 kwa picha yake tu, kabla ya kuhesabu data ya programu yenyewe.

=== Programu isiyoitikia ===

Kila programu yenye dirisha hupokea habari kwa foleni: kitufe kimebonyezwa, kipanya kimebofywa, dirisha limesogezwa. Programu ikizama katika kazi nzito bila kusoma foleni yake, dirisha huonekana limeganda. Windows huitangaza programu kuwa haiitikii baada ya sekunde 5 hivi za kimya. Tangazo hilo halimaanishi kwamba programu imekufa. Huenda bado inahifadhi faili kubwa. Kuilazimisha kufa wakati huo kunaweza kuharibu faili, kwa hiyo ni busara kungoja kidogo na kuhamia dirisha jingine kwanza.

Katika Windows 3.1 na matoleo ya Mac OS kabla ya X, programu zilipaswa kupeana zamu kwa hiari, na moja iliyokwama iliweza kusimamisha kompyuta nzima. Mifumo ya leo humnyang'anya kila mmoja zamu yake muda ukiisha, na hivyo programu moja ikikwama nyingine huendelea.

== Njia za kuhama kati ya programu ==

Zipo njia kuu nne:

# Kubofya sehemu yoyote ya dirisha linaloonekana.
# Kubofya ikoni ya programu kwenye upau wa kazi au kwenye Dock.
# Kutumia vitufe vya kibodi, hasa Alt pamoja na Tab katika Windows na Linux, au Command pamoja na Tab katika macOS.
# Kufungua mwonekano wa jumla unaotandaza madirisha yote, kisha kuchagua moja.

Njia ya tatu ina siri ambayo watumiaji wengi hawaijui. Orodha inayotokea haifuati herufi wala mpangilio wa upau wa kazi, bali hufuata ni dirisha gani lilitumika karibuni zaidi. Kubonyeza Alt na Tab mara moja na kuachia humrudisha mtumiaji kwenye dirisha alilotoka sasa hivi. Kubonyeza tena humrudisha alipokuwa. Kwa hiyo anayenakili takwimu kutoka jedwali kwenda ripoti anaweza kwenda na kurudi kati ya madirisha hayo mawili bila kutazama orodha. Akitaka dirisha la mbali zaidi, hushikilia Alt na kugonga Tab mara kadhaa mpaka alifikie.

Kuna tofauti ya kuzingatia: katika Windows, Alt na Tab huhama kati ya madirisha, lakini katika macOS, Command na Tab huhama kati ya programu. Mtumiaji wa macOS mwenye nyaraka tatu za programu moja huhitaji njia nyingine ili kupita kati ya nyaraka hizo.

== Mbinu za kupanga madirisha ==

* Kufunikana: madirisha huwekwa popote na kulaliana. Ni njia huru, lakini madirisha yakizidi, yaliyo chini husahaulika.
* Vigae: skrini hugawanywa na kila dirisha hupewa sehemu yake. Inafaa kwa kulinganisha nyaraka mbili, au kusoma upande mmoja na kuandika upande mwingine. Kwenye skrini ndogo ya kompyuta mpakato vigae zaidi ya viwili huwa finyu.
* Kujaza skrini: dirisha moja hutanuliwa kabisa. Humsaidia mtu kutulia kwenye kazi moja.
* Maeneokazi pepe: mfumo huunda skrini kadhaa za kufikirika na mtumiaji huruka kati yake. Watafiti wa Xerox PARC, Austin Henderson na Stuart Card, walieleza wazo hili katika mfumo wao wa Rooms mwaka 1986: kila kazi iwe na chumba chake chenye madirisha yake. Wasimamizi wa Unix walikuwa nayo mapema, macOS ikapata mwaka 2007, na Windows ikaiweka kama sehemu ya kawaida katika Windows 10 mwaka 2015.
* Vichupo: kurasa nyingi huwekwa ndani ya dirisha moja. Vivinjari ndivyo vilivyovieneza. Internet Explorer ilivipata katika toleo la 7 la mwaka 2006.
* Skrini mbili au zaidi: madirisha huenea kwenye skrini zilizounganishwa na kompyuta moja.

== Njia za mkato za kibodi ==

Katika Windows:

* Alt + Tab: kuhamia dirisha jingine
* Alt + Shift + Tab: kurudi nyuma katika orodha
* Windows + Tab: mwonekano wa jumla
* Windows + D: kuficha madirisha yote, na kuyarudisha
* Windows + kishale cha kushoto au kulia: kuweka dirisha nusu ya skrini
* Windows + Shift + kishale cha kushoto au kulia: kupeleka dirisha kwenye skrini nyingine
* Windows + Ctrl + D: kuunda eneokazi pepe jipya
* Windows + L: kufunga skrini kwa nywila
* Alt + F4: kufunga dirisha
* Ctrl + Shift + Esc: kufungua msimamizi wa kazi

Katika macOS:

* Command + Tab: kuhamia programu nyingine
* Command + M: kuficha dirisha kwenye Dock
* Command + H: kuficha programu nzima
* Command + W: kufunga dirisha
* Command + Q: kuacha programu
* Control + kishale cha juu: mwonekano wa jumla
* Option + Command + Esc: kulazimisha programu iache

Katika Linux yenye GNOME:

* Super: mwonekano wa jumla (Super ni kitufe ambacho kwenye kibodi nyingi kina nembo ya Windows)
* Alt + Tab: kuhamia programu nyingine
* Super + kishale cha kushoto au kulia: kuweka dirisha nusu ya skrini
* Super + H: kuficha dirisha
* Alt + F4: kufunga dirisha

Kitufe cha W na cha Q hukaribiana kwenye kibodi, na katika macOS kosa la kidole kimoja linaweza kuacha programu nzima badala ya kufunga dirisha moja. Katika vivinjari vingi, kichupo kilichofungwa kwa bahati mbaya hurudishwa kwa Ctrl + Shift + T, au Command + Shift + T katika macOS nyingi.

== Matatizo na tahadhari ==

=== Dirisha lililopotea ===

Dirisha likitoweka, mara nyingi halijafungwa bali limefichwa, limefunikwa, au liko kwenye eneokazi pepe jingine. Kabla ya kufungua faili upya ni vizuri kutazama upau wa kazi na mwonekano wa jumla. Kufungua faili ileile mara mbili huweza kuleta nakala mbili zinazotofautiana, na mtumiaji akahifadhi ile ya zamani juu ya ile mpya. Dirisha linaweza pia kubaki nje ya skrini baada ya projekta au skrini ya pili kuondolewa. Katika Windows njia ya Windows + Shift + kishale mara nyingi hulirudisha.

=== Kuandika mahali pasipo pake ===

Dirisha jipya likijitokeza ghafla wakati mtu anaandika huku macho yakiwa kwenye kibodi, herufi zake huenda kwenye dirisha hilo. Hatari ni kubwa zaidi ikiwa anaandika nywila na dirisha lililojitokeza ni la mazungumzo na watu wengine, au ikiwa kitufe cha Enter kinajibu swali ambalo hajalisoma. Mifumo mingi siku hizi hujaribu kuzuia programu zisijipandishe juu zenyewe, na badala yake humulika ikoni kwenye upau wa kazi. Hata hivyo kutazama skrini kabla ya kuandika jambo la siri kunabaki kuwa kinga bora.

=== Kuonyesha skrini kwa wengine ===

Katika mikutano ya video mtu anaweza kuonyesha skrini yake yote au dirisha moja tu. Anayeonyesha skrini yote huonyesha pia ujumbe unaoingia, majina ya faili na vichupo vilivyo wazi. Kwa mwalimu anayefundisha au mfanyakazi wa ofisi yenye siri za wagonjwa au wateja, kuchagua dirisha moja ni salama zaidi.

=== Kompyuta za watu wengi ===

Kwenye kompyuta za maktaba, shule au mgahawa wa intaneti, kuficha dirisha la barua pepe hakumtoi mtumiaji katika akaunti yake. Hata kulifunga mara nyingi hakutoshi, kwa sababu kivinjari huweza kukumbuka akaunti. Njia sahihi ni kutoka kwanza kwenye akaunti, kisha kufunga madirisha yote ya kivinjari.

=== Madirisha bandia ===

Ukurasa wa tovuti unaweza kuchora picha inayofanana na dirisha halisi, yenye upau wa kichwa na vitufe vyake, ili kumdanganya mtu aandike nywila au aamini kwamba kompyuta yake ina virusi. Njia moja ya kupima ni kujaribu kuliburuta dirisha hilo hadi nje ya mipaka ya kivinjari. Dirisha halisi hutoka. Picha iliyochorwa ndani ya ukurasa haiwezi kuvuka ukingo wake.

== Watumiaji wasioona ==

Kwa mtu asiyeona, skrini haina juu wala chini, na mshale wa kipanya hauna faida kubwa. Yeye hutumia kibodi pamoja na kisoma-skrini, yaani programu inayotamka yaliyomo. Mojawapo ni NVDA, programu huria ya Windows iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe ni kipofu. Mtumiaji anapobonyeza Alt na Tab, kisoma-skrini hutamka jina la kila dirisha lililofikiwa. Kwa hiyo jina lililo kwenye upau wa kichwa si pambo: programu inayofungua madirisha matano yenye jina moja humwacha mtu huyo akibahatisha, na faili iliyopewa jina linaloeleweka humfikisha moja kwa moja.

== Kuhama na umakini ==

Kompyuta huhama kutoka programu hadi programu kwa sehemu ndogo ya sekunde, lakini akili ya binadamu haifanyi hivyo. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu anapoacha kazi moja ambayo haijakwisha na kuanza nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, na utendaji wake katika kazi ya pili hupungua. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka.

Kwa sababu hiyo madirisha mengi si dalili ya kazi nyingi. Madirisha yanayohudumia kazi moja, kama vile ripoti na jedwali lake, husaidiana na yanafaa kuonekana pamoja. Madirisha ya kazi tofauti hugombania macho, na yanafaa kutengwa katika maeneokazi pepe au kufungwa baada ya kuhifadhiwa.

== Tazama pia ==

* Kompyuta
* Mfumo wa uendeshaji
* Kiolesura
* Kivinjari
* Kibodi
* Linux